Mkono wa Twari na Askari wa Mwilini

Jumamosi, 31 Oktoba 1987
Badi kapewa ngoma ya twari ya mbele kwenye msafara wa zefe la Maulidi! Mimi, Awadh, niliyepiga Mambrui miaka kumi na miwili, niwekwe nyuma ya mgongo wake! Ati ana mkono mwepesi. Dhuluma tupu. Nimekamata tandu, yumo koponi. Kesho namhamishia mfukoni mwa twari ya Badi.

Jumapili, 1 Novemba
Tandu hana adabu. Nilipofungua kopo kaniuma mimi, gumba la kulia, mkono wa twari! Nimefunga kifundo cha mkono kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama tulivyofundishwa, sumu isipande. Mke wangu Kibibi ananisihi nifungue. Sifungui. Muda wa saa mbili sasa. Mkono baridi, hauumi hata chembe. Hiyo si ndiyo dawa!

Jumatatu, 2 Novemba
Jana ile ile Kibibi aliukata ukanda kwa mkasi, bila ruhusa yangu! Damu ikarudi mbio, mkono ukawaka moto, ukavimba kama hamri mafutani. Dakta Thuku wa dispensari akampa haki yeye. Anasema nyama iliyonyimwa damu huumia kimyakimya. Damu ikirudi, nyama hupiga mbiu, na askari wa mwilini huja na hasira, wakampiga hata mwenye nyumba. Ndio uvimbe huo. Askari niliowalisha wali wa nazi mimi mwenyewe! Nikamuuliza kwa nini hawakumpiga tandu. Akaangalia saa yake.

Akaongeza kwamba ng'ambo wameona moyo wa mbwa ukizibiwa damu kidogo kidogo kwanza, baadaye hustahimili zaidi damu ikikatika kwa muda mrefu. Akanikataza nisijaribu. Kwa nini basi aniambie?

Jumatano, 4 Novemba
Badi kapiga twari kwenye zefe, mji mzima unamsifu. Mimi dirishani, mkono umening'inizwa shingoni. Baadaye akaja kunijulia hali, na sahani ya halua! Uchokozi ulioje! Halua nimeila. Msamaha hakuupata.

Alhamisi, 5 Novemba
Nimeamua. Mwakani nitapiga kwa mkono wa kushoto, na nitauzoesha mapema. Nimeufunga kwa leso, fundo nimekaza kwa meno. Naandika kwa mkono huo huo. Kidogo kidogo ni ya mbwa. Mimi nafanya nusu saa. Vidole vimeanza kupoa. Dalili njema!

Nusu saa imepita. Fundo halifunguki. Wa kulia haukunjiki, meno yamechoka. Kibibi yuko Malindi hadi jioni. Jirani aliyepo ni Badi peke yake, namsikia akikohoa.

Simwiti. Mkono unazoea.