Theluji Imeandama Northfield

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku kubwa! Bwana Jasvir ametuita ofisini sote: mimi, Dalmar wa mitambo, na Yasir wa mgahawa. Suala ni moja tu. Kilima chake cha kuchezea skii, huku nyuma ya mtaa wa Northfield, Birmingham, kifungue msimu lini? Mwaka mzima watu huteleza juu ya mikeka ya plastiki. Safari hii mzee amenunua mashine ya kutengeneza theluji, mtumba kutoka Italia, na anataka kuwawahi wenzake wa kilima cha upande wa pili wa mji. Atakayetaja siku, na siku hiyo kilima kikabaki wazi mpaka jioni, atakuwa Meneja wa Msimu. Koti tayari analo. Jekundu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Limetundikwa nyuma ya mlango.

Mimi hapa nakodisha viatu. Mama mkwe wangu kule Moshi alipopata habari aliuliza ni mwanamume gani anapanda ndege mpaka Ulaya kwenda kuwafunga watu viatu. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Koti lile ni langu!

La nani tena? Dalmar ni Msomali wa Nairobi, akapitia Norwei kabla ya kuja Birmingham, na kila kitu kwake ni Norwei hivi, Norwei vile. Mimi nimezaliwa Moshi. Utoto wangu wote nimekunywa uji nikiitazama theluji ya Kilimanjaro. Kuigusa ni mambo ya watalii.

Jumanne, 4 Novemba

Dalmar ametaja Jumamosi ya tarehe 22. Hoja yake: ardhi ipoe kwanza, mashine ipate baridi ya kutosha, theluji ishike. Hoja kavu kabisa. Mimi nikataja Jumamosi hii hii.

Bwana Jasvir, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na bado anakipenda Kiswahili chake, akashika ndevu na kuniuliza kwa nini Jumamosi hii. Sikuwa na kwa nini. Ndipo wazo likaja lenyewe, zuri, kamili. Nikamwambia sisi Waislamu mambo haya tunayajua tangu zamani. Ramadhani haianzi kwa kupima udongo. Watu hutoka nje, hutazama, mashahidi wawili wakiuona mwezi, basi umeandama, kesho watu wanafunga. Na theluji iwe hivyo hivyo. Ikionekana na mashahidi wawili, msimu umeingia.

Dalmar akacheka mpaka akakaa chini. Acheke. Nyumbani kwao mwaka huu yeye alisherehekea Idi na msikiti wa Lozells, kaka yake na wa Sparkhill, pilau ikapikwa mara mbili. Yeye ndiye wa kumcheka mtu?

Bwana Jasvir akasema haya, tutazame.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeunda kamati ya kuangalia theluji. Mwenyekiti mimi. Shahidi wa pili Yasir, mwanafunzi wa Zanzibar, kijana wa swala tano, hajawahi kusema uongo. Miwani yake aliikalia juzi ikavunjika, lakini mwaminifu ni mwaminifu hata bila miwani.

Tumetazama kutoka kileleni. Fataki tu, mji mzima, maana leo ni usiku wa Waingereza wa kuwasha mioto. Yasir alishuhudia theluji mara kadhaa. Nilimrekebisha kwa upole.

Ijumaa, 7 Novemba

THELUJI IMEANDAMA!

Alfajiri, baada ya swala. Kilima kizima cheupe, kutoka kileleni mpaka kwenye ua! Nikamwuliza Yasir anaona nini. Akasema anaona weupe. Nikamwapisha hapo hapo. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimetuma ujumbe wa sauti kwenye makundi yote ya WhatsApp, ya Watanzania, ya Wakenya, ya Wasomali, kuanzia Sparkhill mpaka Lozells: theluji imeonekana Northfield, kesho ni kufungua.

Dalmar alifika, akapitisha kidole kwenye mkeka. "Makungu, hii ni jalidi. Umande umeganda tu. Saa ya chai hutaukuta."

Kweli, saa ya chai haukuwepo. Na kwani nini? Mwezi mwandamo nao huzama upesi, na sijamwona mtu akirudi kula mchana kwa kuwa umezama. Kuonekana ndiko hesabu. Dalmar akarudi kwenye mashine yake.

Bwana Jasvir aliuliza kama nina uhakika, maana watu wameshaanza kupiga simu. Nikamjibu mimi ni mtu wa Moshi. Akalitungua koti akanipa nilivae mpaka kesho, na kilima kikibaki wazi mpaka jioni litakuwa langu. Mikono imezidi kidogo. Nimepiga picha, nimeituma kwa mama mkwe. Ameona. Hajajibu. Bila shaka ameishiwa maneno.

Nyumbani nilimwambia mke wangu aandae watoto. Sikuzani alikuwa anasonga ugali, wala hakugeuka. "Mimi na wanangu tutafuata mwandamo wa Dalmar," akasema. Binti yetu Rehana akaongeza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kwenye simu yake kesho ni mvua. Iliniuma. Mtu unaweza kupingwa na Norwei, lakini na jikoni kwako?

Sasa ilibaki theluji yenyewe. Hapo ndipo akili ya meneja inapoonekana. Pale Stratford Road, Abdiweli muuza samaki akifunga duka humwaga barafu yake yote uani. Barafu nyeupe, iliyosagwa, ya bure! Nilimwuliza kama ni safi. Akasema imelaliwa na nguru wazuri tu. Akaniazima na gari lake.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika huku nimekaa bafuni. Sikuzani amesema nisitoke mpaka harufu iishe.

Lakini niseme ukweli: asubuhi kilima kilipendeza. Mimi na Yasir tuliimwaga barafu na kuisawazisha kwa reki, ikametameta. Watu wakaja! Familia za Sparkhill, Wazanzibari wamevaa kama Idi, kina mama na kanga juu ya makoti, masufuria ya biriani yamefungwa kwa mataulo. Kina Mumbua wa kundi la Wakenya walikodi basi zima. Nilisimama kileleni na koti langu jekundu, nikawakaribisha kwenye msimu. Walipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi na watu wengi hivyo, na machozi yalinilengalenga, sitaki kuficha.

Kisha mvua. Barafu ikaanza kuyeyuka, na harufu ikaamka.

Wakaja shakwe, wale ndege wa baharini. Birmingham haina bahari, sijui aliyewapasha habari ni nani. Wakaja paka wa mtaa mzima. Mtoto wa kwanza kushuka alifika chini na kichwa cha kibua kwenye skii yake, akakiinua juu kuwaonyesha wenzake. Kina mama wakajifunika pua kwa kanga. Mzee mmoja wa Lozells alisema angalau samaki huyu ni halali.

Bwana Jasvir hajala nyama wala samaki tangu azaliwe. Alisimama chini ya kilima, kilemba chake kimelowa. Hakupandisha sauti. "Makungu," akasema, "kilima yangu inanuka samaki."

Kikafungwa kabla ya adhuhuri. Akalichukua koti kwa vidole viwili. Nikapewa mpira wa maji.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeosha kilima. Mama mkwe amejibu. Amesema koti ni zuri, amewaonyesha majirani wote, na sasa anawaambia watu mkwe wake ni meneja Ulaya. Kwa mara ya kwanza ameniita baba.

Sikuweza kumwambia. Nimeosha kilima mara ya pili.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya Dalmar. Baridi imeshika juma zima na mashine yake ya Italia imefanya kazi yake. Nasema bila kinyongo: ilikuwa theluji. Laini, kavu, haina harufu hata kidogo. Nilichota kiganjani nikaishika mpaka vidole vikafa ganzi. Basi ndiyo hii, nilikuwa nikiitazama kwa mbali miaka yote ile.

Watu walijaa. Sikuzani alikuja na watoto. Rehana alishuka kutoka juu kabisa akicheka, na alipofika chini aliniita, "Baba, umeona?" Kwa Kiswahili! Nilikuwa nimepiga goti namfunga mtu viatu. Niliona.

Dalmar alisema mbele ya wote kwamba watu hawa wamekijua kilima kwa ujumbe wangu wa sauti, na kwamba nisingewaita mapema wasingekuja leo. Mtu mzuri, huwezi kumchukia hata ukijitahidi. Na koti? Amelivua. Eti linamtia joto.

Bwana Jasvir alinipa mkono. Amesema yamekwisha, ila kilimani asione samaki tena. Nilikwenda nyuma ya jengo nikafuta macho. Somo nimelipata. Ya msimu namwachia Dalmar mwenyewe.

Jumatatu, 24 Novemba

Usiku sikupata usingizi kwa kuwaza. Msimu umefunguliwa, sawa, sifa ni za Dalmar. Lakini msimu ukifunguliwa si lazima ufungwe? Na ni nani aliyepewa kazi ya kuufunga? Hakuna! Nafasi iko wazi, haina mtu! Meneja wa Kufunga Msimu. Mama mkwe ataendelea kusema kweli.

Leo alfajiri nimepanda kileleni na Yasir. Pembeni ya ua, katikati ya weupe wote ule, limechomoza jani moja la nyasi. Kijani kabisa. Nikamwuliza Yasir anaona nini. Amepata miwani mpya. Akasema anaona jani.

Nimeshatuma ujumbe kwenye makundi yote. Nimemwomba Bwana Jasvir koti la kijani.