Radhi Niliyoiomba Mapema

Leo nimejifedhehesha Makadara, mchana kweupe. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa.

Habari ya moyo wangu mwaijua. (Kama hamuijui, basi ni nyinyi peke yenu ambao sijawapigia simu.) Valvu moja haifungi sawasawa, damu kidogo inarudi nyuma. Daktari asema ni jambo la kati na kati, nipimwe kila mwaka. Yeye katulia. Mimi situlii. Tangu niambiwe, vidole viwili viko mkononi vinahesabu mapigo, hata nikisukuma chapati.

Asubuhi nilikuwa kwake. Akanipaka yale mafuta baridi, akautazama moyo kwenye kioo cha mashine, akasema, "Mama, uko vile vile kama mwaka jana. Nenda kaishi." Mwingine angeshukuru. Mimi njia nzima nikawaza: kwani nani alisema siishi?

Nilifuatana na wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu. Tukapitia Marikiti kununua nazi na ndimu. Mikono ikajaa, simu nikaichomeka kifuani kama tufanyavyo wanawake, tukashika njia ya Makadara. Hatujafika mbali, kifua kikaanza kutetemeka upande wa kushoto. Trrr. Kikanyamaza. Trrr tena.

Huku si kudunda. Hii, nikajua, ni valvu imeachia.

"Zuhura, nishike. Nakwenda."

"Wenda wapi, na nazi zote hizi?"

Nikajitupa kwenye benchi la duka la viungo. Mwenye duka, Mhindi mzee wa Kibohora mwenye kofia ya ukingo wa dhahabu, akaniletea maji. Hamali mmoja akasimamisha mkokoteni wake atazame. Nikapiga shahada kwa sauti. Kisha nikakumbuka kuwa mtu haendi na haki ya mwenzake shingoni.

"Wifi, nataka radhi."

"Nimekuwia radhi," Zuhura akasema huku analia. "Duniani na akhera."

(Hapa ndipo ningenyamaza. Radhi nimeshapewa, tena ya jumla. Mimi nikataka ya rejareja.)

"Ile sufuria ya biriani ya marehemu mamako..."

Akaacha kulia.

"Hakuichukua Mama Nuru. Niliichukua mimi, bila kukwambia. Nikaiunguza, ikatoboka. Nikampa fundi, fundi akahama nayo."

Miaka mitatu Zuhura hamsalimu Mama Nuru, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwa ajili ya sufuria hiyo. Hata harusi ya bintiye hakwenda. Na miaka mitatu mimi navitazama vile vita, nanyamaza, nakula biriani za watu.

Zuhura akauachia mkono wangu. Kifua kikasema: trrr.

Yule mzee akainama kwa adabu zote. "Mama, samahani sana. Mbona ndani ya buibui kunawaka taa?"

Zuhura akatia mkono, akachomoa simu. Sauti niliizima kwa daktari, nikasahau kuirudisha. Mume wangu kapiga mara saba. Zuhura akapokea, akasikiliza, akanigeukia.

"Auliza chumvi iko wapi."

Hamali alicheka mpaka akashikilia mkokoteni. Nikainuka, mzima wa afya, sina pa kuutia uso. Aibu ilinishika hasa, si ya kuigiza.

"Lakini radhi umeshanipa, wifi," nikasema polepole.

"Nimekupa, na siirudishi." Akanitwika mfuko wa nazi. "Sasa twende kwa Mama Nuru, ukaniombee na mimi yangu."

Tuko barazani kwake sasa hivi. Zuhura abisha hodi, mimi naandika, maana mikono haijui ifanye nini. Wenye kucheka chekeni kimya kimya, nasikia makubadhi yanakuja.