Hotuba ya Mkurugenzi Akizindua Chumba cha Utulivu wa Wazazi

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, waheshimiwa ambao mngekuwa wenyeviti kama kura zingetosha, mganga mkuu, wakunga, kina mama wajawazito, kina mama wenye vichanga, kina baba mliosukumwa kuja, na wewe mpiga picha, hebu hamia huku, upande huo kitambi kinaonekana: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wenu, mchapakazi nisiyependa kujisifu, ingawa nisipojisifu nyinyi mtasahau, nasimama mbele ya mlango huu wa mbao ngumu, uliozungushiwa maturubai kwa sababu za kiusalama, kuzindua Chumba cha Utulivu, ambamo kila mzazi mwenye huzuni, woga au kukosa usingizi, tangu mimba hadi baada ya kujifungua, atapokelewa na mshauri wa saikolojia kwa mujibu wa mpango mkakati jumuishi, shirikishi na endelevu. (Vigelegele.)

Utafiti wetu, tulioufanya tukiwa ndani ya gari, unaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wazazi wamechoka. (Kicheko.) Msicheke, hizo nne ni wazazi wa mapacha! Hata sisi kina baba tunaumia. Mke wangu alipojifungua niliteseka wiki nzima, chai najipikia mwenyewe! (Sauti ya mwanamke: "Pole weee!") Asante, dada yangu, wewe una utu.

Ndiyo maana tuliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaenda semina elekezi ya utulivu katika hoteli tulivu, ikarudi imetulia kiasi kwamba mpaka leo haijaandika ripoti. (Makofi machache.)

Naona mkono. Wewe mama wa kitenge cha kijani, uliyebeba kichanga. Sema, mwanangu, ila kwa ufupi.

("Shikamoo, mheshimiwa. Tangu nijifungue nalia tu. Silali hata mtoto akilala. Naogopa kubaki naye peke yangu. Mkunga kaniambia nikija leo nitamkuta mtu wa kuongea naye. Yuko wapi?")

Marahaba. Swali zuri mno! Linaonyesha jinsi huduma inavyohitajika, yaani jinsi nilivyokuwa sahihi. Mshauri yumo kwenye awamu ya pili. Awamu ya kwanza ni utepe. (Minong'ono.) Subiri, mama, usishike kitasa, utepe haujakatwa! Jamani, mzuieni! (Mlango wafunguka. Nyuma yake kuna uwanja mtupu na mbuzi mmoja.)

Naam, ndugu wananchi, hapo mnaona nafasi ya kutosha ya upanuzi. (Mama aangua kilio. Bibi mmoja ampokea mtoto, mwingine amshika mkono: "Twende kwangu, mwanangu. Ulie mpaka uchoke, nitakaa na wewe." Kina mama wote wainuka na kuondoka naye.)

Asanteni kwa kusimama kwa heshima! Mpiga picha, wawahi hao, kisha uandike: mnufaika wa kwanza ameshahudumiwa. Nikisema "utulivu", mnajibu "kwa wote"! Utulivu! (Kimya.) Mzazi imara! (Mbuzi alia.) Umesema vizuri.

Kwa kuhitimisha, namshukuru kwa dhati fundi seremala aliyetuazima mlango huu. Fundi, najua mteja wako anausubiri, lakini mwambie avumilie kidogo. Upakieni garini, mchana nazindua wodi ya watoto.