Wagonjwa wa Kukodi

Siku Pasi alipoiona kliniki mpya, alisimama katikati ya barabara akaangalia huku na huku kama mchinjaji aliyeletewa ng'ombe wawili. Upande mmoja ilikuwa hospitali ya serikali: foleni imetoka mlangoni, imezunguka ukuta, imefika kwa muuza vocha. Upande wa pili, ghorofa tatu za vioo, vigae vinang'aa, na humo ndani tangi lenye samaki wengi kuliko wagonjwa.

Walimwita Pasi kwa sababu shati lake halikuwa na kunjo hata moja. Makunjo yote yalikuwa kwenye maisha yake. Umri wote ule alikuwa bado analala sebuleni kwa shangazi yake aliyemlea, na shangazi mwenyewe alikuwa na maumivu ya tumbo, upande wa kulia, ambayo hospitali ya serikali iliyapangia tarehe, ikaahirisha, ikapanga, ikaahirisha tena. Kila usiku aliguna. Pasi alimwambia ni gesi.

Mwenye kliniki, aliyependa kuitwa Mkurugenzi, zamani aliuza matairi. Aliacha aliposikia kuwa watu huchelewa kubadilisha tairi, lakini kuumwa hawaahirishi.

"Wakaguzi wa mfuko wa bima wanakuja Alhamisi," alimwambia Pasi, baada ya kulainishwa kwa maneno na kikombe cha chai. "Wakikuta vitanda vitupu, mkataba wanampa mwingine. Nimekwisha!"

"Bosi, wewe una vitanda, huna wagonjwa. Wale ng'ambo wana wagonjwa, hawana vitanda. Mtu mwenye akili anafanya nini hapo?"

"Niwatibu wale kwa bei nafuu?"

"Aa, Bosi, usiniletee mahubiri. Unakodi wagonjwa!"

Mkurugenzi alilipa taslimu, zote, ndani ya bahasha ya kliniki yenye picha ya moyo unaotabasamu. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakusema kwamba katikati huwa kuna dalali.

Pasi alikusanya watu wake kwenye kibanda cha kinyozi na kuwagawia magonjwa. Ujira ungekuja baadaye, aliwaambia, na kwa Pasi baadaye ni mbali sana. Kinyozi alipewa kuhara, akawaka.

"Mimi na heshima zangu niharishe mbele ya watu? Nipe moyo."

"Moyo kauchukua fundi viatu."

"Basi presha. Presha ina hadhi."

Kikabaki kitanda kimoja, cha dirishani. Pasi akamkumbuka shangazi yake. Huyo hakuhitaji mazoezi. Kwa kuguna alikuwa ameshahitimu.

"Shangazi, ni kulala tu. Atapita daktari mkubwa wa upasuaji, akikugusa unalia kidogo. Jioni tunarudi zetu nyumbani."

"Nilie kidogo kiasi gani?"

"Kama kawaida yako."

Shangazi alimtazama, akaenda kuoga.

Hapo ndipo mjanja wetu alipojikwaa. Kati ya wagonjwa wa kukodi alikuwa ametia mgonjwa wa kweli, na hakuona tofauti.

Alhamisi vitanda vilijaa. Mlinzi wa getini alikuwa anapekua kila anayetoka, kwa sababu ya mablanketi yaliyopotea, na Pasi hakutaka mtu aione bahasha ile na kuanza maswali. Akamnong'oneza shangazi, "Nitunzie hii. Mgonjwa hapekuliwi." Shangazi akaisokomeza kifuani.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja mnene, miwani puani, daktari wa upasuaji wa miaka mingi. Alianza na kinyozi.

"Presha yako ilianza lini, baba?"

"Leo asubuhi, Daktari, ila inanitesa tangu zamani."

Daktari akapita. Alipofika dirishani akamwekea Shangazi mkono tumboni. Shangazi hakulia kidogo. Aliachia ukelele hadi samaki wakajificha nyuma ya mawe.

"Ana vijiwe kwenye nyongo," daktari alisema, "na kifuko kimeshavimba. Akichelewa zaidi tutampoteza. Mkurugenzi, mnampasua saa ngapi?"

Mkurugenzi alimtazama Pasi. Pasi alitazama dari.

"Leo hii," Mkurugenzi alijibu, jasho likimtoka. "Mpasuaji wangu anakuja sasa hivi."

Na kweli alikuja. Alivuka tu barabara, akitokea hospitali ya serikali, ambako asubuhi hiyohiyo aliwatangazia watu kwamba chumba cha upasuaji ni kibovu.

Kitanda cha magurudumu kikaanza safari, kikazuiwa na mhasibu. Huyu alikuwa mke wa Mkurugenzi.

"Malipo kwanza."

Mkurugenzi akakohoa, akamkonyeza.

"Hata ukikonyeza kwa macho yote mawili! Utaratibu uliuweka mwenyewe."

Shangazi akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha. "Analipa mwanangu huyu hapa. Kahangaika mno kwa ajili yangu."

"Vijana wa namna hii wamebaki wachache," mkaguzi alisema, akimpiga Pasi bega. Pasi alifungua mdomo. Ulimi uliowahi kuuza kiwanja cha makaburi ukasema tu, "Asante, Daktari." Mkurugenzi aliuona moyo wake unaotabasamu ukirudi nyumbani, akatabasamu nao.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Pasi alitembea hadi getini, akapekuliwa, hakukutwa na kitu. Njia ilikuwa nyeupe. Akasimama pale, kisha akarudi kukaa kwenye benchi. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa kama mtoto. Aliikumbuka miguno yote aliyoiita gesi, akaona aibu mpaka masikio yakamchoma. Kinyozi alipokuja kudai ujira, Pasi alimwambia presha imeshapona, aende nyumbani.

Kesho yake Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mnyonge wa mwili, macho makali.

"Shangazi, ulipanga?"

"Wewe mtoto! Unaniletea daktari wa upasuaji mpaka kitandani, halafu unaniambia nilie kidogo?"

Pasi alicheka, akafuta macho kwa mkono wa shati, shati likapata kunjo. Kisha, maana mjanja ni mjanja, akainama karibu na sikio.

"Na ile bahasha... hakikubaki chochote?"

"Kimebaki, kwa nini kisibaki?" Shangazi akapapasa chini ya mto, akampa kichupa cha plastiki. Ndani yake vijiwe vya kijani vikagongana. "Daktari kanipa nivitunze. Vikague hapahapa mbele yangu, usije ukasema nimekupunja."