Kibali cha Upweke

Chuo kilitangaza kwa heshima na taadhima kwamba kuanzia muhula huo hakuna mwanafunzi mgeni atakayeruhusiwa kujisikia mpweke bila kibali. Upweke wa holela ulikuwa umechafua sura ya taasisi. Kikaundwa Kitengo cha Uratibu wa Upweke, kikapewa Mkurugenzi, karani na stoo iliyojaa mablanketi.

Tangazo lilimkuta Balozi, mwanafunzi mgeni, hajamaliza hata wiki katika mji ule wa baridi. Jina hilo la ubalozi alipewa na mjomba wake kwenye sherehe ya kumuaga, naye akalipokea bila haya. Shangazi alipomletea blanketi la safari, alilisukuma pembeni.

"Shangazi, umeona wapi balozi kabeba blanketi?"

Akapakia suti mbili. Sasa alikuwa akilala amezivaa zote, moja juu ya nyingine, na tai ameifunga kichwani kuziba masikio.

Akaenda Kitengoni, shingo juu.

"Naomba blanketi."

"Mablanketi ni ya wapweke waliothibitishwa," alisema karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. "Lia kwanza."

"Nilie?"

"Mbele ya Mkurugenzi. Kwikwi hazihesabiki, tunataka machozi. Na ole wako ulie nje ya ofisi hii, ni kosa."

Balozi alijitahidi. Alikunja uso, akabana pumzi, akawaza kile chumba chake. Ikatoka chafya. Mkurugenzi, aliyekuwa amevaa koti zito kando ya hita, akatikisa kichwa.

"Kijana, unapoteza rasilimali za Kitengo. Mpigie mama yako. Weka spika."

Hilo Balozi hakulitaka kabisa, maana tangu afike alikuwa anamjaza mama yake maneno kwamba wakubwa wanamgombania. Lakini baridi haina adabu. Akapiga.

"Mwanangu! Umekula?"

"Nimekula, mama. Wananiheshimu sana huku. Hata sasa niko kwenye kikao na Mkurugenzi."

"Mbona sauti inatetemeka?"

"Ni mtandao, mama."

"Haya. Na huyo Mkurugenzi, naye amekula?"

Balozi aligeuza uso ukutani. Lakini aliyeangua kilio hakuwa yeye. Mkurugenzi alikuwa ameinamia meza, mabega yanaruka.

"Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo nilipohamia mji huu," alisema. "Nikamwambia nina kikao. Simu iliyofuata ilitoka kwa majirani."

"Nani analia hapo?" mama aliuliza.

"Mkurugenzi, mama."

"Maskini! Usimwache peke yake, unasikia?"

Karani alisimama. Alimheshimu sana bosi wake, ndiyo maana alimhudumia kwa kufuata utaratibu.

"Mkuu, kibali unacho?"

"Kibali gani? Mimi ndiye ninayekitoa!"

"Kwa hiyo huna."

Machozi yalikuwa halali, mengine yamefika hadi kwenye tai. Hapo hapo Mkurugenzi akathibitishwa kuwa mpweke wa kwanza katika historia ya Kitengo. Akakabidhiwa blanketi. Na kwa kuwa kanuni, aliyoiandika mwenyewe, inakataza mpweke kulala peke yake, jioni hiyo akasindikizwa bwenini mpaka chumba cha Balozi, chenye kitanda kimoja na dirisha linalopiga miluzi.

Mkurugenzi alijikunyata ukingoni mwa kitanda, meno yakigongana.

"Kijana, hivi mnalalaje humu? Baridi ya kuua hii!"

Balozi alinyoosha kola ya suti ya juu, kisha ya suti ya chini.

"Mheshimiwa, suala lako tumelipokea," alisema. "Linashughulikiwa."

Akashangaa jinsi maneno hayo yanavyopasha mtu joto. Hata hivyo, ili kuwa na uhakika, akalivuta blanketi lote upande wake.