Sahihi Kwenye Birika

Jumatatu, 3 Machi
Jarida limekubali! Mimi nibuni maajabu, mpiga picha ayapige, picha moja ikae kwenye jalada. Hatimaye Shangazi, aliyenilea, ataacha kuwaambia majirani kwamba kazi yangu ni kupaka rangi milango. Mimi! Mchoraji wa samaki wenye masikio! Mpiga picha anasema majina yetu yatakuwa ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo. Nimetabasamu tu. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Machi
Nimetia sahihi kila kitu. Birika lenye mabawa. Kiti kilichovaa viatu. Hata yai. Wino mwekundu, herufi nene. Mpiga picha alivitazama, akavigeuza kimoja kimoja, sahihi zikaelekea ukutani. Ni dada mpole huyu, lakini haambiliki.

Jumatano, 5 Machi
Mwanamitindo hakutokea. Nimembembeleza Shangazi akae yeye, birika kichwani. Akauliza kama lina chai. Kakubali, ila soksi havui. Mpiga picha hupiga saa nne tu, jua linapoingia dirishani, kwa hiyo tukasubiri. Nikavigeuza vitu. Akavigeuza. Nikavigeuza tena. Kutahamaki, Shangazi kasinzia. Nikamtua birika taratibu, nikamfunika koti langu. Lini amekuwa mdogo hivi? Nilimhurumia, nikabaki nimeinama pale. Nyuma yangu kamera ikalia mara moja. Kisha jua likaondoka. Maji yamezidi unga.

Jumamosi, 12 Aprili
Jarida limetoka. Jaladani yumo Shangazi, amelala, na mgongo wangu umeziba vitu vyote. Haionekani sahihi hata moja! Nimekimbilia kwake kulalamika. Nikakuta jalada limebandikwa mlangoni, kwenye ule mlango niliopaka rangi mimi, na majirani wamejazana. Mmoja akauliza huyo aliyeinama ni nani.

"Mwanangu huyo, msanii," Shangazi akasema. "Huo mgongo naujua. Nimeusugua miaka mingi."

Nimelia mbele za watu, wala sikuona haya. Mpiga picha, aliyekuja kumsalimu, akaniuliza polepole kama sasa nimeelewa kwa nini alizigeuza sahihi. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Jumapili, 13 Aprili
Jarida linataka picha nyingine mwezi ujao. Nimenunua shati jeupe. Sahihi imeenea vizuri mgongoni, kutoka bega hadi bega.