Karameli Haina Neno

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Hewa kanichokoza. Ni mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara. Jina nimempa mimi, maana mkate wake ukiubonyeza unabaki na ngozi tu. Leo kabandika bango dirishani: MIKATE YETU HAINA KARAMELI. KARAMELI NI SUMU. Hakunitaja. Ya nini? Karameli ni ile rangi ya sukari iliyounguzwa, na mtaa mzima mwenye mkate wa kahawia ni mimi peke yangu.

Saa nne meneja wa duka kubwa akapiga simu. Wateja wanauliza maswali. Nimpe jibu la kueleweka kufikia Ijumaa, la sivyo mkate wangu unaondoka kwenye rafu. Naoka mia tatu kwa siku, rafu ile inachukua mia mbili. Yaani theluthi mbili za jasho langu anazo mwanamke anayeongea huku anatafuna!

Nilianza na oveni ya kuazima. Siogopi bango.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga hesabu. Mililita thelathini za karameli kwa mikate arobaini. Robo tatu ya mililita kwa mkate! Na Bwana Hewa kila mchana anashushia soda nyeusi tititi. Anadhani ile imetiwa masizi?

Mke wangu kauliza kwa nini nisiache tu hiyo rangi. Swali la mtu asiyefanya biashara. Unga ni ule ule, gunia lile lile. Nikiacha rangi, mkate wa kahawia utakuwa mkate mweupe wa bei ya juu.

Mama mkwe, tunayekaa naye, kasema ana imani na mimi. Ana kisukari. Kliniki walimwambia aachane na mkate mweupe, na miaka miwili sasa anakula wangu wa kahawia. Mteja mwaminifu, japo hajawahi kulipa.

Jumatano, 5 Machi
Nimekunywa karameli hadharani. Mlangoni kwangu, saa sita mchana, vijiko vitatu. Chungu! Sukari imeunguzwa mpaka imesahau kwamba ilikuwa sukari.

Watu kama ishirini walisimama. Bwana Hewa akavuka barabara kuniuliza, kwa sauti ya huruma, kama shemeji ameshaarifiwa kuhusu msiba. Wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, meno yalikuwa meusi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwita afisa wa afya mwenyewe. Nani mwingine mtaani amewahi kumwita? Wengine humfungia mlango.

Kaeleza kwamba rangi hii iko aina nne. Mbili hutengenezwa kwa amonia, na humo huzaliwa kemikali iliyowaletea panya uvimbe walipolishwa kwa wingi, ndiyo maana kimewekwa kiwango. Yangu ni sukari ya kuunguza tu, haina amonia. Kwa kipimo changu, haina neno.

Haina neno! Nimemwomba aje kwenye duka kubwa kesho aseme hayo mbele za watu. Kakubali. Mama mkwe naye kaahidi kuleta wenzake wa kliniki wanishangilie. Kumi na wanne.

Ijumaa, 7 Machi
Tulijaa mbele ya rafu. Afisa alieleza vizuri, hata panya aliwataja. Makofi. Meneja akaacha kutafuna. Bwana Hewa, aliyejifanya kununua chumvi, akaitazama chumvi.

Ndipo mama mkwe akanyoosha mkono. Alimwuliza afisa, kama hiyo ni rangi, mkate kabla ya kutiwa rangi unakuwaje? Afisa akanigeukia. Nikajibu kwa fahari: mweupe kama pamba, mama, unga safi kabisa!



Mama mkwe hakugomba. Alitaka tu kujua amekula vipande vingapi. Vinne kwa siku, miaka miwili. Nikampigia hesabu hapo hapo: elfu mbili mia tisa na ishirini. Nilidhani atafurahia jibu la haraka. Akachukua mkoba wake akatoka, na wale kumi na wanne nyuma yake.

Meneja katoa uamuzi. Mkate ni salama, kwa hiyo unabaki dukani. Ila kwenye rafu ya mikate myeupe, kwa bei ya mikate myeupe.

Jumamosi, 8 Machi
Duka kubwa limechukua mikate kumi na mmoja. Mama mkwe kafungua kinywa mara moja tu, kuomba apitishiwe chai. Mke wangu kampelekea na uji, badala ya mkate.

Kilichoniuma ni kwamba sayansi ilikuwa upande wangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa nikatafakari. Kosa nimeliona. Rangi haionyeshi kitu! Mteja anataka aone pumba kwa macho yake. Nimeagiza gunia moja la pumba. Sitazichanganya na unga, zitapotea bure humo ndani. Nitazinyunyiza juu tu, zionekane. Mkate mweupe, kofia ya pumba, bei ya juu.

Watakaosema pumba zina madhara nimeshawawahi. Kesho asubuhi naenda kumwalika afisa wa afya.